Jabali, Dhoruba na Barabara ya Lusanje

Iko nchi moja ambayo sitaitaja kwa jina, si kwa kuogopa, bali kwa adabu, maana nina mashemeji wanaofanya kazi serikalini huko na bado hawajastaafu. Nchi hiyo ina mito, ina milima, ina wimbo wa taifa mrefu kidogo, na katika mwaka ninaousimulia ilikuwa na swali moja tu lililowakosesha watu usingizi: Jabali au Dhoruba?

Jabali na Dhoruba yalikuwa magari. Yote mawili yalikuwa marefu kwenda juu lakini si sana, mapana lakini si kupita kiasi, yenye viti vya watu mbele na katikati, na viti viwili vya nyuma kabisa kwa watu wasiopendwa. Wataalamu waliyaita magari ya ukubwa wa kati. Serikali ilikuwa imetangaza kubana matumizi, na kubana huko kukahitaji gari. Ilielezwa bungeni kwamba kiongozi hawezi kubana matumizi akiwa ndani ya gari kubwa, kwa kuwa wananchi hawatamwamini. Basi kila kiongozi apewe gari la ukubwa wa kati la kubania matumizi, na lile kubwa abaki nalo kwa siku ambazo habani. Wabunge walipiga meza hadi glasi za maji zikaanguka.

Lipi sasa? Kampuni mbili za ng'ambo zilileta kila moja gari lake la mfano. Jabali lilikuwa na taa zilizonuna na mlango wa nyuma uliofunguka wenyewe ukipitisha mguu chini ya bampa. Dhoruba lilikuwa na sauti ya kike iliyosema "Karibu" kila mlango ulipofunguliwa. Magazeti yakagawanyika. Vijiweni, watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli wakarushiana viti vya plastiki. Harusi moja ilivunjika baada ya bwana harusi, Mjabali wa kutupwa, kumkuta baba mkwe wake amevaa fulana ya Dhoruba. Wazee wa pande zote mbili walisema bora yametokea mapema.

Ili kulimaliza jambo hilo zito iliundwa Kamati Maalumu ya Taifa ya Kuchagua Gari, chini ya Waziri wa Usafiri wa Viongozi, Mheshimiwa Daktari Kitundu Nyambiza, ambaye udaktari wake alitunukiwa na chuo kikuu ambacho bado kinajengwa. Katibu wa Kamati alikuwa Hamduni Mnyagala, na habari hizi ni za Hamduni.

Hamduni hakuzaliwa mtu wa wasiwasi. Wasiwasi aliupata mwaka huo. Akiketi, mguu ulimtikisika chini ya meza mpaka kalamu za wenzake zikatembea. Akisimama alizunguka, akitembea aligeuka nyuma kana kwamba kuna kitu amesahau. Ofisini walidhani ni kahawa. Ukweli ni kwamba mkewe, Mwanjaa, alikuwa mjamzito, na Mwanjaa alikuwa Lusanje.

Lusanje iko mwisho wa barabara, kama ile unaweza kuiita barabara. Mwanjaa alipangiwa kufundisha huko, na ombi lake la uhamisho lilikuwa linashughulikiwa, nalo limeshughulikiwa tangu walipooana. Mimba yao ya kwanza waliipoteza kwenye barabara hiyo. Uchungu ulipomshika walimpakia kwenye tela la trekta kumpeleka hospitali ya Mkunazi, na huko katikati ya safari, kwenye makorongo, kwa kurushwa huku na huku, mtoto akafa kabla hajazaliwa. Hamduni alifika kuzika. Sasa daktari alikuwa amesema mambo mawili: mama huyu lazima azalie hospitali, tena kwa kupasuliwa, na mama huyu asirushwerushwe barabarani hata kidogo. Yote mawili yalikuwa kweli, ila katikati yake ilikuwako barabara ya Lusanje.

"Nije vipi?" Mwanjaa alimuuliza kwa simu, akiwa kando ya kichuguu cha nyuma ya shule, mahali pekee penye mtandao. "Niruke?"

"Nitafikiria kitu, mke wangu."

"Fikiria upesi. Huyu aliyemo tumboni hasubiri kikao."

*

Sheria ya nchi hiyo ilisema, kwa busara kabisa, kwamba gari la serikali lijaribiwe kwanza kwenye barabara mbovu. Kamati ikaichagua barabara ya Mlowe, iliyokuwa na sifa mbaya nchi nzima. Kulikuwa na shimo huko ambalo watu walilipa jina na kuvua kambare ndani yake. Waziri akatangaza redioni kwamba majaribio hayo atayashuhudia yeye mwenyewe, akiwa ndani.

Hapa lazima niieleze desturi ya nchi ile, maana wageni huishangaa. Mkubwa akisema atapita mahali, mahali hapo hutengenezwa. Hakuna anayeagiza, ni itifaki. Greda hutangulia, mawe ya kando hupakwa chokaa, majani makavu hupuliziwa rangi ya kijani, na hospitalini wagonjwa hulala kila mmoja kitanda chake mpaka mgeni rasmi aondoke. Watu wa huko wamezoea hivyo na wanaona ndiyo heshima.

Siku ikafika. Waziri akapanda Jabali kwa safari ya kwenda, kikombe cha chai mkononi. Chai haikutikisika. Akapanda Dhoruba kwa safari ya kurudi, na kikombe kingine. Nayo ikatulia tuli.

"Hili bora sana," alisema aliposhuka kwenye la kwanza. Aliposhuka kwenye la pili akasema, "Na hili bora sana." Kisha akakunja uso. "Katibu, barabara mbovu iko wapi?"

"Ndiyo hii, Mheshimiwa."

"Hii nzuri."

"Imekuwa nzuri juzi, Mheshimiwa. Kwa heshima yako."

Waziri akafikiri. Kuheshimiwa hakujawahi kumuudhi, basi hakuona wa kumlaumu. "Tutafute nyingine," akasema, akaingia kwenye gari lake kubwa.

Wananchi wa Mlowe walikuwa wamejipanga kando wakicheza ngoma kwa furaha ya kweli, si ile ya kupangwa na ofisi. Bibi mmoja alimshika Hamduni mkono, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu," akasema, "haya magari hayana ndugu yao wa tatu? Tuna daraja pia upande wa kule, lilivunjika zamani."

Hamduni alisimama katikati ya barabara ile laini, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, mguu wake ukatulia. Alikuwa ameona njia.

*

Tangu siku hiyo kazi ya Katibu wa Kamati ya Kuchagua ikawa kuhakikisha kwamba hakichaguliwi kitu. Alihitaji muda, na alihitaji Kamati izidi kuzunguka mpaka aisukume kule anakotaka. Kila walipokaribia kukata shauri, Hamduni alinyoosha mkono.

"Nina hoja ndogo, Mheshimiwa Mwenyekiti. Pale pa kuwekea kikombe kwenye Jabali panaenea kikombe cha chai. Je, kiongozi akinywa maji?"

Kamati ikajadili hilo mpaka jioni. Mjumbe mmoja alisema kiongozi mwenye kiu ni hatari kwa usalama wa taifa. Mwingine akataka litafutwe gari linaloweza kushika vyote viwili na bado likabana matumizi.

Kikao kilichofuata upepo ulielekea kwa Dhoruba. Hamduni akanyoosha mkono tena.

"Hili gari husema 'Karibu', Mheshimiwa. Linamwambia kila mtu. Hata mpinzani akifungua mlango linamwambia."

Wajumbe wakatazamana. Dhoruba likapelekwa kwa watu wa usalama kuhojiwa. Lilihojiwa kutwa, na kila mlango ulipofunguliwa lilirudia maneno yaleyale, mpaka wahojaji wakaandika kwamba mtuhumiwa ana msimamo usioyumba na anafaa kuitumikia serikali. Likarudishwa likiwa na alama sawa na mwenzake.

Kati ya hoja na hoja Kamati ilizunguka. Ilikwenda Kitungule, barabara ikanyooka. Ilikwenda Ng'ambako, barabara ikanyooka na soko likapata choo. Magari yalifaulu kila mahali, yote mawili, na Waziri alizidi kunywa chai. Hamduni hakuona haya hata kidogo. Mtu akimtazama usoni angedhani anahesabu sifa za magari, kumbe anaona kitu kimoja tu, tela la trekta.

*

Mambo yakaanza kumwendea kombo pale nchi nzima ilipoishtukia siri. Watu wa nchi ile si wajinga, wamechelewa tu kuambiwa. Ghafla kila wilaya ikaleta ujumbe wizarani kujisifia ubovu.

"Kwetu basi lilizama mwaka juzi," alisema mbunge mmoja, kifua mbele, "na mvua zikinyesha bado tunasikia honi."

"Hilo basi lenu lilikuwa na bahati kufika hapo lilipozama," mwenzake akamkata kauli. "Kwetu sisi hata mkandarasi aliyekula hela za barabara amehama, ameshindwa kupita."

Wazee wawili nusura washikane mashati korido ya wizara, kila mmoja akidai kwao ndiko kubaya zaidi, na mmoja alivua kiatu kuonyesha kidole alichokipoteza. Lusanje haikuleta ujumbe. Ujumbe wake ulikuwa umekwama njiani.

Hamduni akaona hana budi kujaribu bahati yake. Alimfuata Waziri ofisini, akamkuta anatafuna korosho.

"Mheshimiwa, kuna mahali panaitwa Lusanje."

"Lusanje. Iko nchi gani?"

"Yetu, Mheshimiwa. Ila hakuna waziri aliyewahi kufika. Mheshimiwa Mbegani alijaribu, akarudia njiani."

Korosho ikasimama karibu na mdomo. Mbegani ndiye aliyekuwa na wizara hiyo kabla yake, na kila mtu alijua anaitaka tena.

"Mbegani alirudi?"

"Alirudi, Mheshimiwa. Wanasema wa kufika Lusanje bado hajateuliwa."

"Wanasema hivyo?" Waziri akainuka, akavuta koti, akajitazama kwenye kioo cha kabati. "Katibu, gari ni gari. Lakini je, gari ni gari tu? Hapana. Gari ni dira. Gari ni dhamira yenye tairi. Andika kwamba Kitundu Nyambiza anakwenda Lusanje, na hatarudia njiani."

Hamduni alitoka nje ya ofisi ile, akashuka ngazi, akafika chini ndipo akakumbuka kuvuta pumzi.

*

Greda likatangulia Lusanje. Lilifuatwa na mengine, na malori ya kifusi, na watu wa chokaa, wote chini ya Mhandisi Kasuka, mtu mpole aliyetumikia mawaziri wengi na kumtii kila mmoja sawasawa. Makorongo yaliyokuwa yakimeza magurudumu yakafukiwa. Kalavati zikalazwa. Mwanjaa alipiga simu.

"Hamduni, greda limepita mlangoni kwangu. Barabara imelala kama mkeka. Watoto nimewashindwa darasani, wote wako dirishani. Nikipata gari lolote leo natoka."

"Toka! Toka leo leo!"

"Ndipo pagumu sasa. Wameifunga."

Maana itifaki ilikuwa na sehemu ya pili. Barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mgeni rasmi haikanyagwi kabla ya mgeni rasmi. Magogo yaliwekwa huku na huku, mgambo wakasimama na virungu, na wana Lusanje wakaendelea kupita vichakani kando ya barabara mpya, wakiitazama kwa upendo. Kuku mmoja aliyevuka alikamatwa, akaliwa na mgambo ili kulinda ushahidi.

Basi Hamduni akabaki kumsubiri Waziri. Ziara ikaahirishwa kwa sababu ya semina ya kubana matumizi hotelini ufukweni. Ikaahirishwa tena kwa sababu Waziri alikwenda ng'ambo kujifunza kubana kwa vitendo. Hamduni alikonda. Alifika kazini kabla mlinzi hajafungua geti, akawa anazunguka bendera. Usiku alimwota mtoto, na mtoto alikuwa kwenye tela. Alikuwa ameitikisa serikali nzima mpaka ikaisogeza barabara mlangoni kwa mkewe, na bado mkewe alikuwa anaitazama tu kwa macho.

*

Waziri akaja. Magari makubwa yaliachwa Mkunazi, yakafichwa nyuma ya ghala ili wapiga picha waone unyenyekevu, na msafara wa kuingia Lusanje ukawa wa Jabali na Dhoruba peke yao, wajumbe wa Kamati wamebanana ndani wakibana matumizi. Viti bado vilikuwa na nailoni zake, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuvua nailoni ya kitu kipya kabla ya amri. Safari ambayo zamani iliwachukua watu kutwa nzima ikaisha chai haijapoa.

Lusanje nzima ilikuwa uwanjani pa shule. Akina mama waliimba, mwenyekiti wa kijiji akamvisha Waziri shada, na Waziri akalivaa huku uso umeiva kwa hasira.

"Mhandisi!" akaita. "Hii ndiyo njia iliyomshinda Mbegani?"

"Ndiyo hii, Mheshimiwa."

"Hii? Hii hata Mbegani angefika! Hata mama yake Mbegani angefika, kwa miguu, amebeba ndoo! Nani ataamini kwamba mimi nimefanya kitu? Na gari nitachaguaje, nichague kwa rangi? Mnanichezea!" Akakanyaga chini kwa kiatu kinachong'aa. "Rudisheni ubovu!"

Mhandisi Kasuka akakohoa kwa adabu.

"Wote, Mheshimiwa, au kiasi?"

"Kama ulivyokuwa. Na muuongeze."

"Itifaki imezingatiwa," akasema Mhandisi, akaelekea kwenye magreda yaliyokuwa yamefichwa nyuma ya madarasa.

Hamduni hakuyasikia ya mwisho. Alikuwa amekwisha kumwona Sijaona, mwalimu mwenzake Mwanjaa, akija mbio kadiri tumbo lake lilivyomruhusu, maana naye alikuwa mjamzito, mwezi mmoja nyuma ya rafiki yake.

"Shemeji! Mwanjaa kashikwa! Tangu alfajiri, anajikaza tu akisema unakuja!"

Nyuma yake walikuja wanaume wanne wamebeba machela begani, kitanda cha kamba kilichofungiwa miti miwili, na juu yake alilala Mwanjaa, amejifunika khanga, jasho likimtoka. Lusanje haina namna nyingine ya kumtoa mtu mvua zikishika, na machela hiyo moja ya kijiji hutolewa kwa aliyekwisha zidiwa tu. Hamduni akamkimbilia.

"Umekuja," Mwanjaa akasema.

"Nimekuja."

"Basi nipeleke."

"Kwa mabega tutafika kesho, Bwana Katibu," alisema mmoja wa wabebaji, akiyatazama yale magari bila kuyataja.

Hamduni alimwendea Waziri, ambaye sasa alikuwa ameshika kipaza sauti. "Mheshimiwa, nina hoja."

"Hoja baadaye, Katibu. Nahutubia."

"Mheshimiwa, mke wangu..."

"Ndugu wananchi!" Waziri akaanza, na spika zikamfunika Hamduni.

Basi Hamduni akageuka. Mbele yake yalisimama magari mawili ya ukubwa wa kati, yamepaki pua kwa pua chini ya kivuli cha darasa, na madereva wao wamelala kwenye majani. Hakuna mtu katika nchi ile aliyeyajua kama yeye. Alijua lipi lina breki nyepesi na lipi lina kiti kinacholala zaidi. Alijua lipi linakula mafuta mlimani. Miezi yote hiyo alikuwa amelizuia taifa lisichague, na sasa alisimama hapo, mkewe anagugumia nyuma yake, magreda yameanza kunguruma, na kichwa chake hakikuwa na kitu.

"Lipi?" alisema kwa sauti, kana kwamba wajumbe wako mbele yake. "Lipi?"

"Lolote, Hamduni!" Mwanjaa akapiga kelele. "Lolote!"

Akafungua mlango uliokuwa karibu. Kama gari lilisema "Karibu", hakusikia. Wakamlaza Mwanjaa kwenye kiti cha nyuma, nailoni ikilia chini yake, Sijaona akamweka khanga ya pili chini ya kichwa.

"Panda na wewe," Mwanjaa akamwambia, amemshika mkono.

"Wangu bado. Mimi nitakuja kwa utaratibu, barabara si ipo? Nendeni!" Sijaona akafunga mlango.

Mgambo waliona gari la serikali linakuja kwa kasi, wakatupa magogo pembeni na kupiga saluti. Hamduni aliendesha analia. Barabara ilikuwa laini kweli, laini kuliko alivyowahi kuota, na Mwanjaa hakurushwa hata mara moja. Kwenye kioo aliona vumbi jekundu linapanda nyuma yao. Alidhani ni vumbi lao.

Walifika Mkunazi jua bado liko juu. Mtoto alikuwa wa kike. Aliposikia sauti yake kupitia mlangoni, Hamduni aliketi sakafuni pale koridoni, mbele za watu, na hakuinuka mpaka muuguzi alipomwambia anazuia toroli.

*

Huku nyuma, Mhandisi Kasuka alitii. Wanaofahamu nchi ile wanasema hakuna kazi ya umma iliyowahi kumalizika kwa haraka kiasi kile. Waziri alipokwisha kuhutubia na kula, makorongo yalikuwa yamerudi yote mahali pake, na nyongeza. Kalavati zilikuwa zimeng'olewa na kupangwa vizuri kando.

Akapanda gari lililobaki ili kulijaribu. Lilikwenda mpaka korongo la kwanza, likainamisha pua, likaingia, likatulia humo. Lilikuwa lipi? Wajabali wanaapa kwamba lililozama ni Dhoruba. Wadhoruba wanaapa kwamba lililozama ni Jabali, na lililomwokoa mama mzazi ni lao. Hamduni mwenyewe ukimuuliza hadi leo hakumbuki. Magreda nayo yalikuwa yamekwama upande huohuo wa Lusanje, maana yalikuwa yamechimbua njia yao yenyewe ya kutokea.

Waziri alilala Lusanje, wa kwanza katika historia. Kulipokucha akauliza kwa upole wananchi hufanyaje wakitaka kutoka. Wakamwonyesha machela. Akalala juu yake, akashika tumbo kwa mikono miwili, na wale wanaume wanne wakamwinua.

Lo! Aliyoyakuta huko juu hakuyatarajia. Wabebaji walijua kila jiwe. Waliposhuka korongoni walimlaza sawa, walipopanda walimlaza sawa, na muda wote waliimba. Hawakuhitaji mafuta. Waziri alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Walipomfikisha mbele ya geti la hospitali ya Mkunazi, waandishi wa habari wamejaa tele, hakukubali kushuka. Alihutubia akiwa amejiegemeza kiwiko.

"Ndugu wananchi! Kamati yangu imemaliza kazi. Jabali tumeliona. Dhoruba tumeliona. Lakini hiki chombo! Hakinywi petroli. Hakitikisiki. Hakimkaribishi mpinzani. Kina magurudumu yanayoimba. Na tena, ndugu zangu, ni cha ukubwa wa kati!"

Makofi yakalipuka. Akaendelea kutangaza kwamba machela hiyo ni mali ya serikali kuanzia muda huo, kwamba wabebaji wake wanne wameajiriwa na wataelekea makao makuu mara moja kuwafundisha wengine, na kwamba kwa kuwa chombo hakihitaji barabara, magreda yote ya nchi yatauzwa ili kubana matumizi. Wabebaji walivishwa tai hapohapo. Bendera ndogo ikachomekwa upande wa kichwa.

Wodini, Mwanjaa alikuwa amemlaza mtoto kifuani. Alisikia makofi, akamtuma mumewe dirishani. Hamduni akachungulia, akasikiliza, kisha akarudi kusimama kando ya kitanda. Alimweleza yote, pamoja na habari ya barabara kuchimbuliwa tena, ambayo muuguzi alikuwa amemwambia asubuhi hiyo.

Mtoto alikuwa ananyonya.

"Hamduni," akasema, "na Sijaona atabebwa na nini?"

Hamduni, mtu aliyekuwa na hoja kwa kila kikao, aligeuka, akatoka mbio, akashuka ngazi, akampita mlinzi, kiatu kimoja kikabaki getini. Machela ilikuwa imekwisha ondoka. King'ora kilikuwa kinalia mbele yake, pikipiki za polisi ubavuni, na katikati wale wanaume wanne wanakimbia na tai shingoni, Waziri akipunga mkono huku na huku.

"Irudisheni!" Hamduni alipiga kelele, akikimbia katikati ya vumbi. "Irudisheni! Hiyo ya Lusanje! Ya wajawazito hiyo! Irudisheni!"

Watu waliojipanga kando ya barabara wakampigia makofi naye, wakidhani ni mbebaji wa akiba.